Naomba ushauri: fosfeti ileile, mbona yawasha huku na kuzima kule?

Jamani wenzangu, hamjambo? Nawafundisha vijana wa diploma ya maabara hapa Kisauni, na tumekwama kwenye fosforilesheni ya protini, yaani kubandika fosfeti kwenye protini. Homoni ya adrenalini ikipanda, kinasi (kimeng'enya cha kubandika fosfeti) huchukua fosfeti kutoka kwa ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika kwenye kimeng'enya kinachovunja glikojeni, ile akiba ya sukari mwilini. Kinaamka, na ini linatoa glukosi. Ikibandikwa kwenye kile kinachojenga glikojeni, kinalala! Insulini ikija, fosfeti zinang'olewa. Fischer na Krebs walipewa Nobel ya 1992 kwa kazi hii, na waliistahili. Najua fosfeti ina chaji hasi na hubadilisha umbo la protini, lakini nikichora ubaoni vijana hawanielewi. Mwenye mchoro mzuri, au zoezi la kufanya kwa mikono, tafadhali anisaidie kabla ya mtihani.