Farasi bahari na samaki-mrija tangi moja, maji nyuzi 28: inawezekana?

NyaliMajiChumvi:

Wadau, salaam. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Tangi langu ni sm 60 kwa 45, kimo sm 60. Ukiondoa mawe na mchanga, maji ni kama lita 140. Bakteria wameshajijenga: amonia 0, nitriti 0, nitrati 15, chumvi 1.025. Ndani mna nemo (samaki-klauni) wawili, kamba msafishaji mmoja na konokono. Kuna skima (kichujio kinachotoa uchafu kwa povu), na pampu moja ya mkondo ya lita 3,000 kwa saa. Joto la maji ni nyuzi 28, na kaskazi ikipamba moto linafika 29.

Nataka kuweka jozi ya Hippocampus reidi waliozalishwa kwenye matangi (duka limesema litaagiza), pamoja na jozi ya samaki-mrija wale wenye mstari wa buluu, Doryrhamphus excisus. Joto hili litawafaa? Nemo wabaki? Halafu, wale farasi bahari wanaonaswa huku kwetu Mombasa kwenye nyasi bahari, si ndio wameshazoea joto letu?

FundiSkima:

Kimo cha tangi ni kizuri. Reidi mkubwa anafika sm 17, na jozi wanahitaji kimo cha kama mara tatu ya urefu wao ili wacheze na kupeana mayai bila kugonga mchanga. Joto ndilo litakalokuangusha.

Hiyo hoja ya "wameshazoea" isahau. Baharini maji yanabadilika muda wote. Wewe una lita 140 zinazopokea chakula mara tatu kwa siku, na kwenye maji hayo bakteria wa Vibrio huongezeka kadiri joto linavyopanda. Dalili utaziona kwenye mkia kwanza: ngozi ya ncha inageuka nyeupe, inachubuka, halafu nyama inabaki wazi. Au pua inavimba na samaki anashindwa kuvuta chakula. Kwenye nyuzi 28 ugonjwa huo unaweza kummaliza samaki kabla dawa haijafika. Lenga 22 hadi 24.

Feni juu ya maji inapoza kwa kukausha maji, na hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, kwa hiyo tegemea kushuka nyuzi 2 au 3 tu. Kutoka 29 utaishia 26, bado juu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mashine ya kupoza maji, na kwa tangi hili saizi ya 1/10 ya nguvu farasi kwa kawaida inatosha. Usiifungie ndani ya kabati la tangi, maana inatema joto na itakuwa inajipasha yenyewe. Ya pili ni kuweka tangi kwenye chumba chenye AC, ukikumbuka kwamba pampu na taa huongeza nyuzi moja au mbili juu ya joto la chumba. Piga hesabu ya umeme wa mwaka mzima kabla ya kuchagua.

Ukitumia feni au AC, maji yatapungua kila siku. Jazia maji matamu yaliyochujwa, si maji chumvi, la sivyo kipimo cha chumvi kitapanda kimyakimya. Umeme ukikatika, washa kwanza pampu ya hewa ya betri. Oksijeni inaisha mapema kuliko joto linavyopanda.

Nemo waondoe. Wanakula kwa sekunde chache, farasi bahari anatazama chakula, anafikiri, ndipo anavuta. Atakufa njaa huku unamwona analishwa.

Pampu ya 3,000 yenye mdomo mmoja nayo iondoe. Maji yazunguke kama mara kumi kwa saa, yaani lita 1,400 hivi, lakini yatoke kwenye bomba lenye matundu mengi ili nguvu igawanyike. Kila mdomo unaonyonya maji uvishe sponji, na sponji hiyo ioshwe kila wiki. Farasi bahari hushika chochote kwa mkia, na mkia ukivutwa na pampu unachubuka. Mlango wa Vibrio ndio huo. Hita kama ipo, iwe na kava.

BiMwani:

Naongezea kuhusu samaki-mrija na hao wa kunaswa, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu.

Samaki-mrija wanaouzwa karibu wote wametoka baharini. Wanakuja na bakteria na vimelea wanavyovimudu wao, lakini ambavyo farasi bahari aliyezaliwa tangini hajawahi kukutana navyo. Ukiwachanganya siku ya kwanza, mrija atabaki mzima na farasi ataanguka. Karantini yao iwe wiki sita kwenye tangi la lita 40 lenye kichujio cha sponji, na wavu wake na mpira wake wa kunyonyea maji visiingie tangi kubwa hata mara moja.

Doryrhamphus excisus ni mdogo, sm 7 hivi, na mdomo wake mwembamba hauwezi Mysis (vijikamba vidogo vya kugandishwa) wa kawaida. Anataka vijidudu vidogo vya majini: kopepodi hai, Artemia (kamba wa maji chumvi) wachanga, au Cyclops wa kugandishwa akishajifunza kula wafu. Anapenda mianya ya mawe na kivuli. Hakikisha ni dume na jike kweli, kwani madume wawili watapigana mpaka mmoja akonde. Kwa maoni yangu, anza na farasi peke yao. Wakishatulia na kula vizuri, ndipo ufikirie mrija.

Hao wa kwenye nyasi bahari waache huko. Wengi hukataa chakula kilichoganda, na kuwafundisha kunahitaji Artemia hai kila siku. Tena jenasi yote ya Hippocampus imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na masharti yalianza kutumika Mei 2004. Hata hao wa kuagiza, waliozalishwa kwenye matangi, duka likuonyeshe karatasi zao.

NyaliMajiChumvi:

Ahsante sana dada, na wewe kaka Fundi. Nemo watapata kwao, na mrija nimeweka kando kwanza. Kamba abaki? Kwenye mawe kuna anemoni wadogo wa kahawia, wale wa kero. Na ratiba ya chakula ikoje hasa?

FundiSkima:

Hao wa kahawia ni Aiptasia, na wanauma. Farasi akizungusha mkia hapo anapata jeraha. Wamalize kabla samaki hajaingia: wachome mmoja mmoja kwa sindano ya kalkwasser (maji ya chokaa) nzito, pampu zikiwa zimezimwa. Ukikata kipande kikabaki, kinaota upya. Kamba msafishaji anaweza kubaki, ila ni mwizi wa chakula, kwa hiyo mpe chake kwanza upande mwingine wa tangi.

Angalia pia haidroidi, vijinyuzi vyeupe vyenye vichwa kama vinyota, hasa ukianza kulisha Artemia wachanga. Fenbendazole, dawa ya minyoo, inawaua, lakini inaua na aina kadhaa za konokono na dawa hiyo hubaki ndani ya mawe kwa muda mrefu. Usiimwage kwenye tangi kuu bila kufikiri.

BiMwani:

Chakula: hawana tumbo la kuhifadhia, kwa hiyo mlo mmoja mkubwa hauwasaidii, unapita tu. Mara mbili au tatu kwa siku, Mysis 10 hadi 20 kwa kila mkubwa, kisha urekebishe kwa kutazama tumbo: upande ukibonyea kati ya mifupa, ongeza.

Yeyusha Mysis kwenye kikombe ndani ya friji, wamwage kwenye wavu na uwasuuze. Yale maji yao ya kijivu ni fosfati na nitrati tupu. Waongeze matone ya mafuta ya omega-3 dakika kumi kabla ya kulisha. Zima pampu, kisha washushe kwa bomba refu hadi kwenye sahani au kombe pana, mahali palepale kila siku. Baada ya nusu saa nyonya kilichobaki, hata kama ni vipande viwili. Nitrati yako ya 15 itapanda usipokuwa mkali hapo.

Artemia wachanga, kama utawatumia: aliyetoka kwenye yai sasa hivi bado hali chochote, kwa hiyo kumwekea virutubisho saa hiyo ni kupoteza. Wape samaki Artemia huyo mara tu anapotoka kwenye yai, akiwa bado ana kiini chake, au subiri ajivue ngozi mara ya kwanza, kama saa 12, ndipo umtie virutubisho.

Na weka vya kushikia: mwani kama Gracilaria na Caulerpa, gorgonia (matumbawe laini yenye matawi) wa plastiki, virefu na vifupi, hadi karibu na uso wa maji. Kimoja kiwe karibu na sahani ya chakula, kwa sababu wanapenda kula mkia umeshika kitu.