Yule mchambuzi wa Jumamosi asubuhi kaniita mlevi hewani kisa Korea. Hii haipiti!

Mbagala Smashi (mleta mada), Jumamosi, Septemba 23, 2023, saa 3:41 asubuhi

Wakuu, nimetoka kukatiwa simu sasa hivi, hata jasho halijakauka.

Mnamjua. Simtaji na hakuna haja. Yule wa kipindi cha michezo cha Jumamosi asubuhi, mwenye kicheko cha kukoroma, anayejua kila kitu mpaka saizi ya viatu vya makocha. Yule aliyetabiri timu itashuka daraja, timu ikabeba ndoo. Huyo huyo.

Leo kafungua simu kwa mbwembwe: "Wasikilizaji, tuleteeni habari za michezo kutoka kona zote za dunia." Kona zote! Nikasema alhamdulillahi, leo mpira wa wavu utasikika redioni. Nikapiga. Nikawekwa foleni, vocha inaliwa, nasikilizishwa tangazo la dawa ya mende, nimesimama katikati ya uwanja ili mtandao usikatike. Nikaingia hewani. Nikatoa salamu, nikataja jina langu kamili, nikataja Mbagala Rangi Tatu. Habari nikaitoa kwa ufupi na kwa adabu: Michezo ya Asia, Hangzhou, China, wavu wanaume, Korea Kusini katolewa jana na Pakistan seti tatu kwa bila, na ni mara ya kwanza tangu 1962 kutoka bila medali.

Akaniuliza, "Michezo yenyewe inafunguliwa lini?"

Nikamjibu ukweli: leo, saa tisa alasiri kwa saa zetu.

Kicheko. Kile cha kukoroma. Studio nzima ikaitikia. Kisha: "Inafunguliwa leo, wametolewa jana? Kaka, umeamkia gongo?" Tu, tu, tu. Simu imekatwa. Muziki.

UMEAMKIA GONGO. Saa tatu asubuhi. Nimeshataja jina na mtaa!

Mimi pombe sijaigusa tangu nizaliwe. Harusi yangu mwenyewe ilikwenda na juisi ya ukwaju mwanzo mwisho. Mama mkwe wangu yuko Korogwe, redio yake haizimwi kwa sababu anasubiri matangazo ya vifo, na kipindi hiki ndicho kinachotangulia. Kanipigia kabla wimbo haujaisha. Hakuuliza Korea, hakuuliza Pakistan. Kasema, "Mwanangu, umeanza lini?" Nimekosa la kumjibu. Jirani naye kachungulia juu ya ukuta, ananitazama miguu aone kama nayumba.

Na nilichosema ni kweli tupu! Wavu wanaume ulianza tarehe 19, siku nne kabla ya ufunguzi. Jumatano India, ambao ni wa 73 duniani, wamemkalisha Korea wa 27 kwa seti tano: 25-27, 29-27, 25-22, 20-25, 17-15. Ile seti ya 29-27 niliitazama kwenye simu, picha imeganda, mchezaji yuko hewani hatui, namba tu ndizo zinapanda juu ya kioo, na moyo ulinienda mbio. Jana Pakistan kamalizia: 25-19, 25-22, 25-21. Na Korea si timu ya mtaani. Dhahabu 1978, dhahabu 2002, dhahabu 2006 pale Doha. Tangu Bangkok 1966 hakuna Michezo ya Asia ambayo wanaume wa Korea hawakupanda jukwaani. Leo bendera zinaingia uwanjani wao hawana tena medali ya kugombea. Habari ya kusimamisha kipindi hiyo!

Yeye kacheka. Halafu gongo. Halafu tu, tu, tu. Angeniacha sekunde moja tu niseme "sinywi". Sekunde moja. Kanikatia neno likiwa mdomoni.

Nataka aniombe radhi hewani Jumamosi ijayo, saa tatu hiyo hiyo, ataje Pakistan, ataje seti zote tatu, na aseme wazi kwamba sinywi, Korogwe wasikie.

---

Nipo Siti ya Mbele
Nimekaa. Endeleeni.

Fundi Bomba
Mkuu, mimi nilikuwa nasikiliza. Tuseme ukweli, sauti yako ilikuwa nzito.

Mbagala Smashi
NINA MAFUA! Tangu Alhamisi nina mafua!

Fundi Bomba
Sawa mkuu. Mafua ya Pakistan.

Libero Mstaafu
Mleta mada yuko sahihi na huyo mchambuzi ni aibu kwa kazi yake. Hii michezo ina timu nyingi mno, wavu wanaume peke yake timu 19, hauwezi kusubiri sherehe ndipo uanze kupanga makundi. Na mpira wa miguu anaoushabikia yeye nao umeanza Hangzhou tarehe 19 hiyo hiyo. Olimpiki ya Tokyo, soka la wanawake lilianza Julai 21, ufunguzi ukawa Julai 23. Mtu analipwa kuzungumza michezo na hilo halijui?

Mbagala Smashi
Libero, Mungu akuweke. Sasa niambie, ungeniita mlevi wewe?

Libero Mstaafu
Hapana. Ningekwambia tu usipige simu redioni ukiwa na mafua.

Pilipili Hoho
Matokeo hadi sasa: Pakistan 3 Korea 0. Mchambuzi 1 Mbagala 0.

Wa Kayole
Nyinyi angalau mnakatiwa simu, sisi huku Nairobi hata hawachukui. Malkia Strikers, timu yetu ya taifa ya wavu ya wanawake, wametoka Yaoundé, Cameroon, mwezi jana na kombe la Afrika, fainali wamemchapa Misri seti tatu bila jibu. Taarifa ya habari ikawapa muda wa kupiga chafya, halafu dakika nzima ya mchezaji wa ligi ya Uingereza aliyeumia nyonga. Nyonga! Wasichana wameshuka na kombe la bara zima, tunaoneshwa nyonga ya mtu.

Fundi Bomba
Wakenya washaingia. Uzi umekwisha.

Wa Kayole
Bana, taja kombe moja la wavu mlilowahi kuleta ndipo uniambie nitoke.

Fundi Bomba
Sisi tuna mbuga.

Libero Mstaafu
Hilo la mbuga halihusiani kabisa, na Mkenya hapo kasema haki. Ila na sisi tuna timu za majeshi zinazojua kupiga mpira. Tatizo ukienda uwanjani unakuta watazamaji ni wachezaji wa timu inayosubiri zamu.

Mjomba Muscat
Salaam kutoka Muscat. Chumbani kwetu tunakaa na Wapakistani, na tangu nifike runinga hii ni kriketi, marudio ya kriketi, na mazungumzo kuhusu kriketi. Jana kwa mara ya kwanza wameweka wavu. Point ya mwisho ilipotua, mmoja kapanda juu ya ndoo ya kufulia akatoa hotuba kwa Kipashto, sikuelewa hata neno ila nilipiga makofi. Usiku wakapika biriani ya mbuzi chumba kizima. Kwa hiyo mimi, kwa heshima zote, siungi mkono malalamiko. Korea atolewe kila wiki.

Nipo Siti ya Mbele
Biriani ilikuwa na viazi au haina?

Mjomba Muscat
Ilikuwa na viazi. Malalamiko yangu ni hayo tu, mimi viazi kwenye biriani siviwezi.

Binti Chumbageni
Wewe kaka umekosa adabu. Biriani bila viazi ndiyo nini?

Mbagala Smashi
Wakuu. WAKUU. Nimeitwa mlevi mbele ya nchi nzima na mnajadili viazi? Mnajua kaka wa mke wangu ni shemasi? Umeamkia gongo, tu, tu, tu! Hata kama mtu kweli amekunywa, hukatii simu hivyo!

Pilipili Hoho
"Hata kama kweli amekunywa." Nimeinukuu kabla hujaifuta.

Binti Chumbageni
Samahani naingilia. Hao Korea si ndio wenye yule dada mrefu, Kim Yeon-koung? Yeye alikuwa wapi wanafungwa?

Libero Mstaafu
Dada yangu, huyo ni timu ya wanawake, na taifa alishaaga 2021 baada ya Olimpiki ya Tokyo. Dhahabu yake ya Michezo ya Asia ni ya Incheon 2014. Wanawake hawajaanza bado, wanaanza tarehe 30.

Binti Chumbageni
Ahsante shikamoo. Basi nami nina langu. Mtaani kwetu tulikuwa na uwanja wa wavu, wa mchanga, tumeusawazisha wenyewe kwa majembe. Nimerudi likizo nimekuta maegesho ya bodaboda. Nguzo moja wameing'oa, nyingine mama mmoja kafungia kamba ya kuanikia kanga. Nimeuliza kwa mtu tunayemjua sote pale mtaani, kanijibu "hata hamkuwa mnalipia." Nililipia na magoti yangu! Nina kovu!

Wa Kayole
Pole sana. Kwetu walijenga duka la simu. Hata nguzo hatukuona.

Fundi Bomba
Hilo la uwanja sasa ndilo la kufungulia uzi. Mleta mada uwe unaleta vitu vizito kama huyu dada.

Mbagala Smashi
Fundi Bomba wewe nitakutafuta. Cha kwangu si kizito? Mke wangu katoka kuninusa mdomo sasa hivi. KANINUSA. Miaka yote ya ndoa!

Pilipili Hoho
Na matokeo ya kunusa?

Mbagala Smashi
Tangawizi! Ya mafua!

Nipo Siti ya Mbele
Tangawizi huwa wanaweka kukata harufu. Nasema tu.

Libero Mstaafu
Vijana, mwacheni mzee wa watu. Badala ya kucheka mngejiuliza Korea kafikaje hapo. Mwaka 2018 Jakarta alicheza fainali na Iran, akafungwa seti tatu kwa bila, lakini alikuwa fainali. Miaka mitano tu. Wenzake wameongeza urefu na nguvu ya sevu, ule mpira wa kuanzishia, yeye kabaki anasubiri kupokea. Ukipokea vibaya, seta, yule wa kuwapangia washambuliaji mpira, anakimbia kuufuata nyuma, na mpira unaokwenda kwa mshambuliaji unakuwa wa kubahatisha. Hapo bloku ya Pakistan, ule ukuta wa mikono juu ya wavu, inakaa inakungoja.

Pilipili Hoho
Mzee, hiyo ndiyo ungepigia simu redioni.

Libero Mstaafu
Nilishapiga mwaka jana. Kanikatia vilevile.

Mbagala Smashi
KUMBE! Kakwambiaje?

Libero Mstaafu
Tuyaache.

Mwana Geita
Nimechelewa, sijasoma kurasa za nyuma. Kuhusu uwanja wa wavu: shuleni kwetu nguzo zipo, uwanja upo, tatizo mipira. Nimenunua Kariakoo, nimeambiwa Mikasa halisi, ya njano na bluu kama ya Olimpiki. Wiki haikuisha, rangi ya bluu imehamia kwenye mikono ya watoto. Wazazi wamekuja shuleni wanauliza ni ugonjwa gani.

Binti Chumbageni
Jamani hiyo feki naijua! Ukiipokea inachubua mkono, ukiisevu inapinda kwenda kwa jirani.

Wa Kayole
Hata Gikomba wanaziuza. Angalia pale pa kujazia upepo, kama pumzi inavuja kabla hujatoka dukani, rudisha.

Mwana Geita
Kurudisha? Muuzaji aliponiona kwa mbali alifunga duka saa sita mchana.

---

Mjomba Muscat, Septemba 26, 2023
Uzi umelala nauamsha. Leo Pakistan kamfunga India seti tatu kwa bila, kachukua nafasi ya tano. Fainali Iran kampiga China nyumbani kwake, 3-1. Incheon, Jakarta, Hangzhou, dhahabu ya tatu mfululizo hiyo. Jikoni kuna biriani tena. Nimewaomba wasiweke viazi, wameweka.

Binti Chumbageni
Wapo sahihi.

Mbagala Smashi
Mjomba, hongera. Ila nakumbusha, zimebaki siku nne kufika Jumamosi na radhi yangu naisubiri.

Mwana Geita
Wakuu, nani anajua duka lenye mipira ya uhakika, hata kama si Kariakoo?

Fundi Bomba, Oktoba 2, 2023
Korea wanawake nao jamani. Walikuwa mbele seti mbili kwa bila dhidi ya Vietnam, wakapigwa tatu mfululizo. Mwenye namba ya mama mkwe Korogwe amjulishe.

Libero Mstaafu
Nimeiona ile mechi. Seti ya tatu Vietnam walivyoanza kuokota mipira ya chini, nikajua hapa pana kazi.

Mbagala Smashi
Jumamosi hakuomba radhi. Nimepiga, namba yangu haiingii tena. Nasema kanifungia! Wakuu, kuna mtu anaweza kunipigia kwa laini yake?

Mwana Geita
Mkuu, wewe si uko Mbagala? Nipitie kwenye maduka ya michezo pale mjini uniulizie Mikasa nambari tano ni bei gani, na wavu wenye waya juu. Nitatuma pesa kwa simu.

Wa Kayole
Wavu wa waya usinunue bila kuukunjua. Mimi niliuziwa wa mita saba.

Mwana Geita
Saba? Si unatakiwa uwe tisa na nusu?

Wa Kayole
Ndiyo hiyo. Tulicheza mwaka mzima na kamba ya manila pembeni.

Binti Chumbageni
Mwana Geita, njoo PM, kuna fundi Tanga anashona wavu mwenyewe na hashoni wa mita saba.