Naomba ushauri: naandika maneno ya nyanya kwa Kisomali, nimekwama

BintiGarissa
Hamjambo wanajamvi. Ayeeyo wangu, nyanya mzaa mama, alikulia kwenye ngamia upande wa Afmadow, kusini mwa Somalia. Kwake hakuna "ngamia" tu: jike ni *hal*, dume la mizigo ni *awr*, dume la mbegu ni *baarqab*, ndama ni *nirig*. Mimi nimekulia mjini. Maneno hayo nayasikia kwake peke yake. Nimeanza kumrekodi kwa simu, kisha naandika daftarini.

Mjomba anataka niandike kwa herufi za Kiarabu, anasema za Kilatini ni za mkoloni. Binamu naye anataka nifute kila neno la kukopa: nyanya akisema *baasto* (tambi) au *farmashiyo* (duka la dawa), nitafute Kisomali safi. Juzi nikamsomea nyanya ukurasa mmoja, akanikatiza: "Mimi nimesema malisho, wewe umesoma bahari." Niliandika *bad*, kumbe ni *baad*. Nimeumia, kwa sababu nikikosea mimi hakuna wa kunisahihisha akishaondoka. Nifanyeje?

Macallin_Isiolo
Dada, mjomba mweleze kwa adabu kwamba Wasomali walilijadili jambo hili miaka mingi wao kwa wao. Osman Yusuf Kenadid alibuni herufi za Kisomali ziitwazo Cismaanya miaka ya 1920, na walikuwepo waliotetea Kiarabu. Kilatini kilitangazwa rasmi tarehe 21 Oktoba 1972, wakati Somalia ina miaka 12 ya uhuru, kwa mpangilio aliousukuma Shire Jama Ahmed, Msomali. Mwaka 1974 wanafunzi wa sekondari walipelekwa nyikani kuwafundisha wafugaji kusoma.

Ukishika mambo mawili utatulia. Irabu ndefu iandike mara mbili, kila mara, hata kwenye ujumbe wa simu. Na *c* ni ile ain ya Kiarabu, *x* ni ile ha nzito: *caano* maziwa, *xoolo* mifugo. Watoto wetu wanaandika "aano" kwa sababu shuleni wamezoea Ali, si *Cali*. Sauti inaanza kupotea kwenye maandishi, halafu inapotea mdomoni.

Mlamu
Naongeza la herufi za Kiarabu. Kwetu tenzi ziliandikwa hivyo, na ninazipenda. Lakini alama za irabu ni tatu, sisi tuna irabu tano. U na o anayezitenganisha ni yule anayejua neno tayari. Kisomali kina irabu tano fupi na tano ndefu. Mjukuu wako atakayesoma hatakuwa na nyanya wa kumuuliza.

HooyoNairobi
Usifute *baasto*, mwanangu. Ilikuja na Waitaliano, ikapikwa, ikaliwa, ni ya nyanya yako sasa. *Miis* ni meza, *saabuun* ni sabuni. Ukianza kung'oa utang'oa mpaka *macallin*, ambaye ni mwalimu. Binamu ana uchungu wa lugha, mpe kazi: akusanye yaliyobuniwa, kama *dayax-gacmeed*, mwezi wa kutengenezwa kwa mkono, yaani setilaiti. Ila daftari la nyanya liandike kama alivyosema. Na rekodi usifute hata moja.

BintiGarissa
Asanteni sana. Nimerudia rekodi ya kwanza usiku huu: *baad* ameitamka mara tano, zote ndefu, na mimi sikuandika sawa hata moja. Mjomba amekubali kuandika ukoo wetu kwa Kiarabu, ukurasa wake mwenyewe mwanzoni mwa daftari. Kesho baada ya alasiri narudi kwa nyanya, tunaanza upya na *nirig*.