Naomba ushauri: vifo vya Corona na vya ajali za barabarani vinalinganishwaje?

Kijana_Kayole: Wadau, nimekwama. Jumamosi kuna mdahalo mtaani, natetea hoja kwamba vikwazo vya Corona vya 2020 vilizidi kiasi. Corona iliua takriban 5,700 nchini Kenya. Barabara ziliua zaidi ya 13,000 kati ya 2020 na 2022. Nakosea wapi?

Bi_Hesabu: Hao 5,700 ni akina nani?

Kijana_Kayole: Waliotangazwa na Wizara ya Afya.

Bi_Hesabu: Yaani waliopimwa. Aliyefia nyumbani bila kipimo hayumo. Chukua vifo vyote vya kila mwezi kwa miaka mitano kabla ya 2020, tafuta wastani, uuondoe kwenye vya 2020 na 2021. Baki ndiyo vifo vya ziada. Fuata tarehe ya kifo, si ya usajili. Ofisi ikichelewa, vifo vya Aprili huhamia Juni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada vya 2020 na 2021: milioni 5.4 zilizoripotiwa duniani zikawa milioni 14.9.

Stage_ya_Tatu: Na njaa je? Matatu ya abiria 14 ilibeba 8, nauli ikapanda. Mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ukafungwa Mei 2020. Anayekula alichochuma leo hawezi kukaa ndani. Serikali ikifunga, itangulize unga.

Mpimaji: Ajali haiambukizi. Gari likigonga Thika Road halizai ajali mbili Jogoo Road. Wagonjwa 10 wakiongezeka maradufu kila siku tatu, kwa mwezi wanapita 10,000. Tena hao 5,700 walikufa vikwazo vikiwepo. Gawanya pia kwa umri: Corona iliwaelemea wazee.

Karani_wa_Zamu: Uzi huu una walakini. Mdahalo wa Corona saa hizi? Huyu anatafutiwa insha ya chuo.

Kijana_Kayole: Si insha. Mabango 40 yameshachapishwa, "13,000 kwa 5,700", kwa michango ya kikundi. Nambari ni za kweli, mbona nibadilishe?

Karani_wa_Zamu: Mabango 40 kwa mdahalo wa mtaa? Hiyo ni kampeni. Nani anagombea?

Kijana_Kayole: Hakuna anayegombea.

Bi_Hesabu: Bandika karatasi chini ya kila bango: "waliopimwa tu, vikwazo vikiwepo". Kisha shika kafyu peke yake, barakoa uiache. Ilianza Machi 27, 2020, ikaondolewa Oktoba 20, 2021. Uliza kama miezi yote hiyo, karibu 19, ilihitajika. Hapo una hoja.

Kijana_Kayole: Karatasi nitabandika. Maandishi ya bango yabaki.