Baba aliumia kichwa Vita vya Kagera, sasa kumbukumbu inapotea: je, utengamao, yaani kumsaidia arudie shughuli zake za kila siku, unaweza kufanyika nyumbani?

Binti wa Nkuhungu
Habari za jioni, ndugu zangu. Baba yangu ana miaka 68. Alikwenda Uganda na JWTZ akiwa kijana, na mwaka 1979 kombora lililopasuka karibu naye lilimwachia jeraha la kichwa na sikio la kushoto lisilosikia vizuri. Kwa miaka mingi tulimjua kama mtu mkali, msahaulifu kidogo, lakini alilima zabibu zake Hombolo na kutusomesha sote, wala hakuna aliyeuita ule ukali ugonjwa.

Mwaka jana alianguka na bodaboda. Tangu hapo anaweza kumeza dawa ya presha mara 2 asubuhi moja, au kumwagilia mstari uleule wa mizabibu huku wa pili ukikauka. Juzi nilimkuta nje ya mlango uliofungwa kwa kufuli, ufunguo ukiwa umebaki ndani, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfungia. Siku ya ajali alipigwa CT skani, tukaambiwa hakuna damu, akaruhusiwa. Kaka yangu alimwekea michezo ya kumbukumbu kwenye simu, na siku ya 3 mzee akaitupa simu kitandani. Kumleta mjini kila wiki hatuwezi. Naomba kujua kama kuna mazoezi ya ubongo ambayo sisi wenyewe tunaweza kumfanyisha nyumbani.

Mtaalamu wa tiba kazi (anayewasaidia wagonjwa kumudu tena shughuli za kila siku)
Pole sana, dada, na mpe mzee shikamoo yangu. Kabla ya mazoezi yoyote, mrudisheni kwa daktari. Kwa mtu wa umri wake, damu inaweza kuvuja polepole chini ya utando wa ubongo na kuanza kuukandamiza wiki kadhaa baada ya kuanguka, kwa hiyo picha safi ya siku ya ajali haimalizi jambo. Kichwa kikiuma, mwendo ukiyumba au usingizi wa mchana ukizidi, msisubiri. Apimwe na masikio pia, kwa sababu wazee wengi tunaosema wamesahau hawakusikia tangu mwanzo.

Kuhusu ile michezo ya simu, simlaumu mzee. Anayeicheza kila siku huwa hodari wa mchezo wenyewe, lakini ni mara chache uhodari huo kuhamia kwenye dawa na mizabibu. Utengamao wa nyumbani una faida kwamba hauhitaji kuhamishwa: anajifunza palepale anapokosea. Philadelphia, Marekani, watafiti walijaribu mpango wa namna hii kwa askari wastaafu 81 wenye majeraha ya ubongo, wengi wao wakiwa na umri mdogo kuliko wa baba yako, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Mtaalamu aliwafuata nyumbani, askari na ndugu yake wakachagua wenyewe matatizo ya kushughulikia, kisha mazingira na taratibu za nyumba zikarekebishwa. Waliopata mpango huo walishiriki maisha ya jamii vizuri zaidi kuliko wenzao waliobaki na huduma ya kawaida.

Anzeni na jambo 1 tu, tuseme dawa. Kila jioni wekeni kidonge cha kesho kwenye kikombe cha bluu na kuficha pakiti. Kikombe kitupu kitamjulisha kwamba ameshameza. Kisha mfundisheni bila kumpa nafasi ya kukisia. Mwambie, "Dawa iko kwenye kikombe cha bluu," umuulize papo hapo iko wapi, halafu baada ya dakika 1, 2, 4, 8. Akikwama, mpe jibu mara moja na urudi kwenye muda wa mwisho aliofaulu. Tunaepuka makosa kwa sababu ubongo uliojeruhiwa unaweza kulishika jibu baya alilolitamka na kusahau kwamba alisahihishwa. Na lile swali la "Baba, hukumbuki?" liondoeni kabisa nyumbani, maana halifundishi kitu na linamdhalilisha.

Mpwa wa Sajini, Kongwa
Naunga mkono. Mjomba wangu, sajini mstaafu, alikataa katakata daftari la kumbukumbu tulilomnunulia, akisema yeye si mtoto wa shule. Tukalifunika upya na kuandika juu yake "Kitabu cha Zamu". Sasa kila anapomaliza kazi anaandika saa na kilichofanyika, na jioni shangazi anakipokea kwa heshima zote kama anayepokea lindo. Kwa mizabibu, mpeni kopo alisogeze mwisho wa kila mstari aliokwisha kumwagilia. Ila tusidanganyane: miezi 2 ya mwanzo shangazi ndiye aliyefanya kazi kubwa, na zipo siku alilia. Pangeni zamu zenu pia.

Binti wa Nkuhungu
Nawashukuru sana. Jumatatu tunakwenda kwa daktari. Jana jioni nilimuuliza baba angependa tuanze na jambo gani, nikiwa na hakika atataja dawa. Akasema ufunguo, kwa sababu siku ile majirani walimwona akihangaika nje ya nyumba yake mwenyewe. Basi kikombe nitakishughulikia kimyakimya, lakini somo la kwanza litakuwa ufunguo, na leo tumeufunga kwa kamba kwenye mkanda wake wa zamani wa jeshi.