Je, aya za mwisho za Ufunuo zinaifunga Biblia nzima?

Hoja iliyo mezani inadai kwamba onyo la Ufunuo 22:18-19, kuwa atakayeongeza neno ataongezewa mapigo na atakayeondoa ataondolewa sehemu yake katika mti wa uzima, linaihusu Biblia nzima, na kwamba kwa onyo hilo Wakatoliki wenye vitabu 73 badala ya 66 vya Waprotestanti na kila anayejiita nabii leo wamekwisha kuhukumiwa. Siikubali.

Yohana alitaja "unabii wa kitabu hiki". Aliyaandikia makanisa saba ya Asia, kuanzia Efeso hadi Laodikia, katika zama ambazo maandishi yalinakiliwa kwa mkono na kusomwa kwa sauti mbele ya watu, hivyo alikuwa na sababu ya kumhofia mnakili atakayepunguza au kupachika la kwake. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya haikuwapo bado. Ya kwanza tunayoijua inayolingana na yetu ni ya Askofu Athanasio wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, na hata baada yake makanisa ya Kisiria yalikaa muda mrefu bila Ufunuo. Onyo la namna hiyo limo pia katika Kumbukumbu la Torati 4:2, wala hakuna Mkristo anayesema kwamba manabii wa baadaye kama Isaya na Yeremia walilivunja.

Sisemi haya kuwatetea wanaowauzia unabii wagonjwa na wafiwa. Paulo aliwaagiza Wathesalonike wasitweze unabii, bali wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema, na kazi hiyo ni ngumu kuliko kumnyamazisha mtu kwa aya moja, maana inalitaka kanisa lisikilize, lipime, na pengine limkemee hata mhubiri linalompenda.

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba tunazishika aya mbili za onyo na kuziruka zinazozizunguka. Aya ya 17 inamwita mwenye kiu aje ayatwae maji ya uzima bure. Aya ya 20 ni kilio cha kanisa, "na uje, Bwana Yesu". Na ya mwisho kabisa inawatakia wote neema. Hapo ndipo Maandiko yanapomwacha mwamini: anamngoja Bwana wake, na wakati huo huo ametumwa kuita. Aliyepewa kazi hiyo atawezaje kuutumia ukurasa huo huo kumfukuzia mwenzake?

Anayeona vinginevyo na atuonyeshe ni wapi Yohana anapotaja kitabu kingine zaidi ya hicho alichokuwa akikiandika.