Nzi mwenye manyoya na mrija mrefu kusini mwa Uingereza: ni Bombylius yupi?

Mkazi wa Ugenini

Salaam kwenu nyote. Ninaishi kusini mwa Uingereza, na tangu jua lilipoanza kupata nguvu mwishoni mwa Machi, bustanini kwetu hufika mdudu ambaye nimeshindwa kumweka katika kundi lake. Mwili wake ni mnene na umefunikwa manyoya ya kahawia yanayoelekea rangi ya dhahabu, hivi kwamba kwa mbali mtu humdhania nyuki. Kichwani umetokeza mrija mweusi, mwembamba, ulionyooka mbele hata anaporuka. Huelea mbele ya maua ya primula kana kwamba amening'inizwa kwa uzi, kisha hutoweka na kuibuka upande mwingine.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba mmojawapo alikuwa akielea juu ya kipande cha udongo mkavu chenye vitundu vidogo, huku akiirusha ncha ya tumbo lake kuelekea chini mara kwa mara bila kutua. Naomba kujua kama huyu ni nyuki, nondo au nzi, ni spishi gani, na ni alama zipi zinazothibitisha hivyo. Ningependa pia kujua kama mrija ule unaweza kumdhuru mtoto. Nakusudia kupeleka taarifa kwa kikundi cha wapenda wadudu wa hapa, na sipendi kuandika jina la kubahatisha.

Mabawa Mawili

Ndugu, huyo ni nzi wa familia ya Bombyliidae, ambao wengi wetu huwaita nzi-nyuki. Nyuki na nondo wana mabawa manne, ilhali nzi ana mawili tu, na nyuma yake vipo viungo vidogo vyenye vichwa vya mviringo vinavyomsaidia kukaa sawa hewani. Vipapasio vyake ni vifupi, macho ni makubwa, na miguu ni mirefu na myembamba mno kwa mwili ule. Mtoto asiogope: mrija ule ni wa kunyonyea nekta, wala nzi huyu hana mwiba wa kuchoma.

Alichokuwa akikifanya juu ya udongo ni kutaga. Jike huchota kwanza vumbi au mchanga kwa ncha ya tumbo, ambamo mna chemba maalumu, akalipaka kila yai, kisha huyarusha mayai karibu na matundu ya nyuki wachimbaji, hasa wa jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) iitwayo Andrena. Buu linaloanguliwa ni jembamba na hutembea lenyewe mpaka ndani ya kiota. Humo hubadilika umbo, likawa nene na lisilo na haraka, na hulila buu la nyuki kutoka nje ya mwili wake. Kwa hiyo vile vitundu ulivyoviona ni sehemu ya utambuzi, na usiviache nje ya taarifa yako.

Kuhusu spishi, wako ni wa jenasi Bombylius (kwa kifupi B.), ambayo ina spishi nne Uingereza. B. canescens na B. minor ni wadogo zaidi, mabawa yao hayana baka kubwa jeusi, nao ni wa mwishoni mwa majira ya kuchipua na kiangazi, basi kwa mwezi Machi tunabaki na B. major na B. discolor. Tafadhali litazame bawa anapotua, kwa kuwa hupumzika akiwa ameyatandaza pembeni, na utueleze weusi wake umekaaje.

Jicho la Msitu

Mimi naelekea upande wa B. discolor, kwa sababu huko kusini ndiko anakopatikana, na wengi wanaomwona husema ana manyoya yenye mchanganyiko wa rangi nyeusi zaidi. Je, huyo wako alikuwa na weusi nyuma ya tumbo?

Mabawa Mawili

Ndugu Jicho la Msitu, kusini wanapatikana wote wawili, tena B. major ameenea mbali zaidi, hadi Uskoti, kwa hiyo mahali hapatuamulii. Manyoya nayo ni shahidi dhaifu. Hupauka kwa jua na kupukutika kadiri nzi anavyozeeka, na mmoja wa Aprili anaweza kuonekana tofauti kabisa na mwenzake wa spishi hiyohiyo aliyetoka ardhini wiki hiyo. Jike la B. discolor huwa na madoa meupe yaliyojipanga katikati ya mgongo wa tumbo, na hilo ni la kuangaliwa iwapo manyoya yangali mazima, lakini mimi husubiri bawa. La B. discolor lina madoa meusi yaliyotawanyika kwenye makutano ya mishipa. La B. major halina madoa hayo: nusu yake ya mbele ni nyeusi ya kahawia, nusu ya nyuma ni angavu, na mpaka kati yake ni mkali wenye mawimbi.

Mkazi wa Ugenini

Ahsanteni. Leo mmoja ametua juu ya jani kavu nikampiga picha kutoka juu. Ukingo wa mbele wa bawa ni mweusi tangu shinani hadi karibu na ncha, na weusi huo unakoma ghafla kwa mstari uliopindapinda. Sehemu ya nyuma ni safi, haina doa hata moja. Macho yake yameachana juu ya kichwa.

Mabawa Mawili

Basi huyo ni Bombylius major, spishi iliyopewa jina na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758, na kwa kuwa macho yameachana, ni jike. Madume macho yao hukutana utosini.

Katika taarifa, andika kwanza bawa, tena kwa maneno kama hayo uliyoyatumia hapa, kisha jinsia, tarehe, mahali, ua alilokuwa akilinyonya na ule utagaji juu ya matundu. Ambatisha picha ya kutoka juu. Watu wengi hupiga picha ya ubavuni kwa sababu mrija unapendeza, ilhali mrija hautenganishi spishi hizi mbili. Urefu wa mwili ukadirie bila mrija. Kwa kawaida ni kama milimita 10.

Binti Usambara

Naomba kuongeza neno kwa wasomaji walioko Afrika Mashariki, ambao huenda wakakimbilia kulitumia jina hilo kwa nzi wa huku. B. major ni wa Ulaya, Asia, Afrika Kaskazini na Amerika Kaskazini. Huku kwetu familia hiyo inawakilishwa na spishi nyingine nyingi, na baadhi hazifanani naye hata kidogo. Wale wa jenasi Anthrax hupenda kutua kwenye kuta na njia zenye joto, mrija wao ni mfupi, na mabawa yao yana michoro myeusi. Systropus huonekana kama nyigu mwembamba mwenye kiuno, na mabuu yake hukua ndani ya viwavi wa familia ya Limacodidae. Wapo pia Exhyalanthrax, ambao mabuu yao hula pupa wa mbung'o (hatua ya kati ya buu na mdudu kamili) waliojificha ardhini, na kwa sababu hiyo watafiti wa mbung'o wamewafuatilia zaidi kuliko nzi-nyuki wengine wa bara letu.

Kwa hiyo atakayemwona nzi wa aina hii Tanga au Machakos aishie kwenye familia, au kwenye jenasi iwapo mishipa ya bawa inaonekana wazi pichani. Jina la spishi mara nyingi litahitaji kielelezo kilichohifadhiwa na mtaalamu wa kukitazama chini ya hadubini.